Sekunde Kumi na Tano

Eufrasia Ntakije alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa zake: alisoma vitabu vya maelekezo. Mashine ya MRI ilipoletwa Kigoma, ikaja na kitabu cha kurasa mia nne na ushee. Wenzake pale kwenye kituo cha uchunguzi wa magonjwa cha Gungu waligombea kijikaratasi cha rangi chenye picha ya bibi mmoja wa Kizungu anayetabasamu akiwa amelala ndani ya tundu la mashine. Kitabu kikabaki juu ya kabati, na Eufrasia akakibeba kwenda nacho nyumbani. Alikisoma kwa miezi miwili, jioni baada ya jioni, huku ugali wa muhogo ukisongwa na samaki wakichemka, akipigia mstari kwa kalamu ya risasi.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Kasulu, mrefu, si mwingi wa maneno. Miaka kumi na miwili alikuwa amepiga picha za eksirei za miguu ya waendesha bodaboda, na alijua kuvunjika kwa mfupa kabla filamu haijatoka. Ndiyo maana alichaguliwa kuendesha mashine mpya. Sababu nyingine ni kwamba hakuna mwingine aliyetaka kujifungia siku nzima kwenye chumba chenye baridi ya jokofu.

Mkurugenzi wa kituo, Daktari Wilfred, alikuwa ametoka Dar es Salaam, na alikuwa na suti ya bluu ya uzinduzi. Aliivaa mara ya kwanza kontena lilipofika, mara ya pili mashine ilipowashwa, na mara ya tatu kibao cha getini kilipoandikwa upya baada ya kugundulika kwamba neno "Uchunguzi" lilikuwa limekosa herufi. Kila mara alikata utepe. Alikuwa mtu wa tarakimu, na aliyoipenda zaidi ilikuwa kumi na nne: wagonjwa kumi na wanne kwa siku. Aliitaja mbele ya wageni, kwenye taarifa na hata msibani, alipopewa nafasi ya kusema machache.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa utafiti wa wazee. Watu mia na ishirini wa Ujiji na Katonga, wenye umri uliozidi miaka sitini, walipaswa kupimwa ubongo, na kila mmoja kupewa alama ya uimara wa ubongo wake. Lakini alama hiyo haipatikani kwa kupiga picha tu. Mashine hurusha mawimbi ya redio ndani ya kichwa, na mawimbi hayo hayaenei sawasawa. Katikati ya kichwa yanakolea, karibu na masikio yanafifia. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu alama, sharti kwanza ichorwe ramani ya nguvu ya mawimbi kichwani mwake, kisha hesabu zirekebishwe kwa ramani hiyo. Ramani ikikosea, alama nayo imekosea, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Ramani yenyewe huchorwa kwa kurusha wimbi dogo, kungoja, kisha kurusha lenye nguvu maradufu na kulinganisha majibu. Jambo kubwa hapo ni kungoja. Maji yaliyomo kichwani yakishapigwa wimbi huchangamka, na hayatoi jibu la kweli mpaka yatulie kabisa. Kitabu kilisema sekunde kumi na tano kati ya pigo na pigo. Kwa mwendo huo, ramani peke yake ilichukua dakika kumi na moja.

Daktari Wilfred alipoelezwa habari ya dakika kumi na moja, aliuliza kama hiyo ramani ni picha ambayo mgonjwa anaondoka nayo. Akaambiwa hapana. Akauliza kama kuna mfadhili aliyewahi kuomba kuiona. Akaambiwa hapana. Basi akaagiza sekunde kumi na tano ziwe moja na nusu. Eufrasia alisema kwa sauti ya chini kwamba kitabu kinakataza. Mkurugenzi akamjibu kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto asiguse jiko, kwamba kitabu kiliandikwa na watu wasio na foleni mlangoni.

"Wewe bonyeza," alisema.

Eufrasia akabonyeza. Alibonyeza kwa wazee wote mia na ishirini.

Majibu yalitangazwa kwenye semina ya siku mbili katika hoteli iliyo ufukweni, mbele ya keki yenye umbo la ubongo. Suti ya bluu ilikuwepo. Daktari Wilfred alieleza kwamba imegundulika wazee wa Ujiji wana upungufu mkubwa wa uimara wa ubongo, na kadiri umri unavyoongezeka ndivyo upungufu unavyozidi. Washiriki wakapiga makofi, kana kwamba ni habari njema, kisha wakala ubongo. Kofia zilikuwa zimeshachapishwa. Redio ikatangaza. Wiki iliyofuata kila mzee aliyepimwa alitumiwa barua yenye mhuri na asilimia yake ya upungufu.

Mzee Nikodemu Bukuru alipata kumi na tatu.

Huyu alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa fundi wa injini za meli hapo ziwani kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alijenga Ujiji na kutunza shamba lake la michikichi. Barua ilipofika, alikuwa shambani. Aliyeipokea ni mwanawe Clinton, kijana wa ofisini, mwenye viatu vyenye ncha na mipango mingi iliyokuwa ikisubiri nafasi tu. Clinton aliisoma ile barua kwa huzuni ya kupigiwa mfano. Kisha akaitisha kikao cha ukoo, akawasomea wajomba na mashangazi, akauliza ni nani kati yao angekubali shamba la familia liongozwe na ubongo wenye upungufu wa asilimia kumi na tatu. Wajomba waliutazama mhuri. Hakuna aliyeubishia.

Kuanzia siku hiyo Mzee Nikodemu alinyang'anywa baiskeli, asije akapotea, na simu iliyokuwa na namba za wanunuzi wa mawese, asije akatapeliwa. Barazani, wenzake aliocheza nao bao tangu ujana wakampa jina: Kumi na Tatu. Akishinda walisema bao halihitaji akili. Akishindwa walisikitika kwa sauti. Mmoja wao naye alikuwa na barua yake nyumbani, ya asilimia kumi na tano, ameificha chini ya godoro.

Mzee alivumilia wiki tatu. Siku moja asubuhi akatembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi Gungu, akaketi kwenye benchi la kituo, akasema anamtaka dada wa mashine. Eufrasia alitoka akamkuta amevaa shati lililopigwa pasi, barua ikiwa imekunjwa mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye?" akamwamkia na kwa Kiha.

Hakuja kugomba. Alitaka kujua tu walipima vipi. Eufrasia alianza kumweleza kwa juu juu, kama alivyozoea kuwaeleza watu wanaotaka kuondoka wametulia, lakini mzee aliuliza swali, kisha la pili, na kabla hajajua Eufrasia alikuwa amechukua karatasi anamchorea kichwa, mawimbi, pigo la kwanza na pigo la pili. Alipofika kwenye kungoja, akasita.

"Mnangoja muda gani?" mzee akauliza.

Eufrasia akamwambia.

Mzee Nikodemu aliigeuza ile karatasi imwelekee yeye. Kisha akasema kwamba injini ya meli ina kijiti cha kupimia mafuta. Ukizima injini ukachovya papo hapo, kijiti kinadanganya, kwa sababu mafuta bado yako juu, hayajashuka. Fundi mpya hukimbia kuripoti kwamba mafuta yamepungua, anaongeza, anajaza kupita kiasi, na injini inaharibika.

"Niliwafundisha vijana wengi," alisema. "Wenye haraka niliwapeleka jikoni wakamenye viazi."

Aliaga, akakataa kupakiwa kwenye bodaboda, akaondoka kwa miguu. Eufrasia alibaki na ile karatasi mkononi. Aliyokuwa akiyajua tangu siku ya kwanza sasa yalikuwa yamesemwa na mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyeumizwa nayo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, alikwenda kituoni akiwa bado na kitenge cha kanisani. Mlinzi alimfungulia bila kuuliza, ila alishangaa kumwona amebeba chupa mbili za plastiki: moja ya maji yenye chumvi kidogo, nyingine ya mawese. Nia yake ilikuwa rahisi. Mafuta hutulia upesi sana yakipigwa wimbi, maji huchelewa. Akiziweka chupa pamoja ndani ya mashine, mawimbi yanayozifikia ni karibu yale yale, kwa hiyo ramani ikiwa ya kweli itazipa nguvu karibu sawa. Ikizitofautisha sana, ramani ni mwongo.

Jaribio la kwanza halikufika popote. Chumba kilikuwa cha baridi kama kawaida yake, na alipokuwa akipanga mashine, mawese yaliganda kama yanavyoganda jikoni msimu wa baridi, yakawa tope la rangi ya chungwa lisilotoa jibu la maana. Eufrasia alicheka peke yake, akavuka barabara hadi dukani, akarudi na mafuta ya alizeti.

Mara hii mambo yalionekana. Kwa kungoja sekunde moja na nusu, ramani iliipa chupa ya maji nguvu iliyozidi ile ya mafuta kwa zaidi ya robo. Akazibadilisha nafasi, maji kushoto, mafuta kulia. Kosa likahama pamoja na maji. Kumbe halikuwa la mashine wala la mahali, lilikuwa la haraka. Kisha akarudisha sekunde kumi na tano, akaketi akingoja dakika kumi na moja huku mashine ikigonga kama mtu anayepiga bati, na ramani ilipotoka chupa zote mbili zilikuwa karibu sawa. Akarudia mara tatu. Matokeo hayakubadilika.

Sasa habari ya wazee nayo ikawa wazi. Mtu akizeeka, ubongo husinyaa kidogo na nafasi inayobaki hujaa maji, jambo la kawaida kama mvi. Palipo na maji mengi, ramani ya haraka ilidai mawimbi yamezidi, hesabu zikapunguza nguvu ambayo haikuwepo, na kosa likamwagikia sehemu za jirani. Alama ikashuka. Mwenye umri mkubwa ana maji mengi, basi alama yake ilishuka zaidi. Kwa miezi yote ile mashine haikuwa imepima ubongo wa mtu yeyote wa Ujiji. Ilikuwa imepima haraka ya Daktari Wilfred.

Jumatatu alimpelekea mkurugenzi kurasa nne zenye picha. Daktari Wilfred alimsikiliza huku akitia saini mambo mengine. Alisema kazi ni nzuri, inaonyesha moyo wa kujituma, lakini majibu yalishatangazwa. Akauliza kama yale madoa mekundu na ya bluu kwenye ramani hayawezi kulainishwa yote yawe kijani, maana kijani kinatuliza macho. Eufrasia alipomwambia kwamba hiyo itakuwa kupaka rangi uongo, mkurugenzi aliunda kamati.

Kamati ilikuwa ya watu watano. Ilikutana mara nne, ikanywa soda, ikatembelea chumba cha mashine ikiwa imevaa makoti, na baada ya wiki tano ikatoa pendekezo moja, lililobandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUINGIZA VYAKULA CHUMBA CHA MRI, HUSUSAN MAFUTA YA KUPIKIA. Kuhusu kungoja haikusema neno.

Huko Ujiji, Clinton naye hakulala. Aliita mpimaji viwanja, na sehemu ya shamba iliyo karibu na barabara ikawekewa vigingi. Michikichi kumi na mmoja, aliyoipanda Mzee Nikodemu mwaka aliooa, ikaangushwa kwa msumeno wa injini katika siku moja. Habari hiyo ilimfikia Eufrasia sokoni Katonga, alipokuwa akichagua migebuka. Mwanamke aliyekuwa akiuza alisimulia kama kichekesho cha Kumi na Tatu. Eufrasia aliondoka bila samaki.

Mwezi ule ule ilitangazwa ziara. Profesa Joanitha, mwanafizikia kutoka Dar ambaye chuo chake kilipokea takwimu za utafiti, alikuwa anakuja kuona kazi kwa macho yake, pamoja na waandishi wa habari wawili na kundi la wafadhili. Suti ya bluu ikapelekwa kwa dobi. Daktari Wilfred alifikiri namna ya kuifanya siku ile isisahaulike, akapata wazo lililomfurahisha hadi akalisimulia kwa wafagizi: yeye mwenyewe, mwenye miaka hamsini na tisa, angelala ndani ya mashine na kupimwa mbele ya wageni, ili jamii iondoe woga.

Siku ilifika. Wageni walijipanga nyuma ya kioo. Mkurugenzi alivua saa, mkanda na viatu, akalazwa, akapunga mkono kwa kamera. Eufrasia alisogelea kipaza sauti akamuuliza, kila mtu akisikia, kama apime kwa kungoja au bila kungoja.

"Kama kawaida," sauti ikajibu kutoka ndani ya tundu.

Eufrasia akabonyeza kama kawaida. Ramani ikaisha kwa dakika moja na kidogo, picha zikafuata, hesabu zikajifanya zenyewe, na kwenye kioo kikubwa kilichoning'inizwa kwa ajili ya wageni ikatokea tarakimu. Upungufu: asilimia kumi na saba.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwandishi mmoja aliinama akaandika. Mfadhili mmoja aligundua kwamba dirisha lina mandhari nzuri ya ziwa. Daktari Wilfred alitolewa akiwa bado anatabasamu, akaitazama tarakimu, akawatazama watu, akaitazama tena. Halafu alisema, kwa uhakika wote wa kitaalamu, kwamba ni dhahiri mashine imepata hitilafu.

Profesa Joanitha, mama mfupi wa suti ya kitenge ambaye mpaka hapo hakuwa amesema zaidi ya salamu, akauliza ni hitilafu gani. Mkurugenzi akamgeukia Eufrasia, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimwomba aeleze.

Eufrasia akaeleza. Alizungumza dakika tano, bila kupamba, akatoa zile kurasa nne kwenye droo. Profesa alizisoma amesimama. Aliuliza kwa nini alitumia mafuta ya alizeti badala ya mawese yaliyojaa mji mzima, akaelezwa habari ya kuganda, akacheka kwa sauti. Kisha akaomba mkurugenzi apimwe tena, kwa kungoja. Daktari Wilfred hakuhitaji kubembelezwa. Alirudi tunduni mbio, akalala dakika zote kumi na moja za ramani pasipo hata kutingisha kidole, na ilipotoka tarakimu mpya, akawa mzima kama watu wengine.

Wazee mia na ishirini walikuwa wameishi na barua zao kwa miezi mitatu. Mkurugenzi aliishi na yake kwa nusu saa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi, maana sasa yalikuwa ya mkubwa. Sekunde kumi na tano zikarudishwa. Wagonjwa wakawa tisa kwa siku, na tarakimu tisa ikaanza kutajwa kwenye hotuba kama ushahidi wa umakini. Wazee wakaitwa tena wapimwe, na barua za zamani zikafutwa kwa barua mpya zenye mhuri ule ule. Daktari Wilfred alialikwa Dodoma kutoa mada juu ya jinsi alivyoboresha usahihi wa ramani za mawimbi katika mazingira magumu, akarudi na cheti. Kwenye ukurasa wa mwisho wa mada, mahali pa shukrani, palikuwa na jina la fundi mmoja wa kike, Efrasia Mtakuje. Tangazo la mafuta ya kupikia lilibaki mlangoni.

Barua mpya ya Mzee Nikodemu ilisema ubongo wake uko sawa na wa umri wake. Eufrasia hakutaka iende kwa posta. Aliipeleka mwenyewe Jumamosi, kwa bodaboda hadi mwisho wa barabara ya udongo. Alimkuta mzee shambani. Clinton alikuwepo pia, akiwa na karatasi za viwanja. Aliisoma barua mara mbili na kusema kwamba ya kwanza ilikuwa na mhuri na hii nayo ina mhuri, sasa mtu ashike ipi. Mzee alinyoosha mkono akasubiri. Baada ya muda Clinton akatoa mfukoni simu ya baba yake, akamkabidhi, akaenda zake akiruka madimbwi ili asichafue viatu.

Visiki kumi na kimoja vilikuwa vimesimama kwenye mstari, vyeupe, mainzi yameshajaa. Eufrasia alivitazama, akasema alilokuja kusema: kwamba alikijua kile kitabu, na alikuwa ameliona kosa tangu mwanzo.

"Ulijua?" mzee akauliza.

"Nilijua, baba."

"Ukabonyeza."

"Nikabonyeza."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia si kitu, kwa sababu ilikuwa kitu. Alikunja barua, akaitia mfukoni, akaenda upande wa pili wa shamba palipokuwa na miche kwenye mifuko ya plastiki, akarudi na mmoja kila mkono. Alisema michikichi ya mbegu hizi huzaa baada ya miaka minne, na kwamba mashimo hayajachimbwa kwa sababu jembe lilikuwa limefichwa asijikate. Lilikuwa kwenye stoo, nyuma ya mlango.

Eufrasia aliingia stoo akalitoa. Akavua viatu, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akauliza aanzie wapi.

"Anzia hapo barabarani," mzee alisema, "penye vigingi."